Damu ya Mwaka Juzi

Kadi ya bima ilikuwa ya Maimuna. Picha ya Maimuna, namba ya Maimuna, jina la Maimuna Abubakary kwa herufi kubwa. Aliyeishika mapokezini asubuhi ile alikuwa Moza, mdogo wake, mwenye mimba ya wiki kumi na moja na vipele vilivyomtoka kifuani na mikononi tangu Jumapili. Msimhukumu haraka. Kariakoo kadi zinaazimwa kama ngazi ya kupandia paa, na mwenye kadi akimnyima ndugu yake mgonjwa atasemwa mwaka mzima. Maimuna ni mwalimu wa shule ya msingi, bima anaipata kazini. Moza ni mke wa Sadalla, fundi cherehani wa sare za shule pale barazani Mtaa wa Sikukuu, na fundi wa barazani hakuna anayemkatia bima.

Kliniki yenyewe iko Mchafukoge, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mabomba. Jovitha wa mapokezi aliitazama picha, kisha akamtazama Moza kwa muda kidogo.

"Mbona umekonda hivi?"

"Mimba hii, dada yangu. Hata maji hayakai."

"Pole. Ungeweka kidole hapa, lakini hiki kidude kimekufa wiki ya tatu leo. Wewe saini tu."

Moza akasaini jina la dada yake. Haikumpa shida, maana jana yake walifanya mazoezi wote wawili kule kwa Maimuna, Magomeni, kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la Waridi, binti wa Maimuna, na walicheka sana.

Kasheshe ilikuja kwenye kuitwa. "Maimuna! Maimuna Abubakary!" Sauti ya mwanamume ilitoka mlango wa maabara mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na Moza yuko palepale kwenye benchi anatazama kalenda ukutani.

"We mama, si ndiye wewe?" yule mwanamume akamsogelea. "Au na masikio nayo tuyapime?"

Kinamama waliokuwa wakingoja wakaangua kicheko. Moza naye akacheka, uso ukimwaka kwa aibu, akamfuata.

Huyo alikuwa Ansbert, mtaalamu wa maabara, mtu mrefu mwenye koti jeupe lililofuliwa hadi likachoka. Alikuwa na mkono mwepesi wa sindano na ulimi usiochoka kueleza. Wapo wataalamu ukiwauliza kitu wanakununia. Ansbert ukimuuliza ndiyo umempa chai.

"Tunatafuta rubela," alisema akifunga mpira mkononi mwa Moza. "Wengine wanaiita surua ndogo. Kwa mtu mzima si kitu, vipele siku tatu, kwisha habari. Balaa ni kwa mtoto aliye tumboni."

"Na kipimo hakikosei?"

"Ahaa! Zamani kilikuwa kinakosea." Macho yalimng'aa. "Sikiliza. Kwenye damu kuna askari wanaoujua ugonjwa huu, wapya na wakongwe. Kipimo cha askari wapya kina kiherehere. Mtu ana malaria, au homa nyingine kabisa, chenyewe kinawaka kidogo, kinasema rubela. Kinamama wamelia humu bure, nimewaona kwa macho yangu. Ndipo nikamganda daktari mpaka akanunua friza. Sasa hivi kila damu inayopita hapa, baki lake naligandisha miaka miwili, mitatu. Kipimo kikileta utata naitoa ile ya zamani, napima zote mbili siku moja, sahani moja. Ya zamani haina askari, ya leo inao? Basi ugonjwa umeingia hapo katikati. Hakuna ubishi tena."

"Na asiyekuwa na ya zamani?"

"Huyo anasubiri tumrudie. Lakini wewe unayo." Alichungulia kwenye kompyuta. "Mwaka juzi, mwezi wa nane, ule ujauzito ulipokutoka. Pole kwa yale, mama."

"Asante," Moza akasema.

Ule ujauzito ulikuwa wa Maimuna, na ile damu ya kwenye friza ilikuwa ya Maimuna. Moza hakuliwaza hilo hata kidogo. Alichokuwa anakiomba Mungu wakati ule ni asiulizwe tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu alikuwa ameisahau.

Baada ya siku tatu waliitwa, akaenda na mumewe. Sadalla alitoka moja kwa moja kwenye cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, na tangu mimba ishike baada ya miaka sita ya kungoja alikuwa amepata tabia ya kupiga mluzi akishona. Mlangoni Moza alimkumbusha kwa kunong'ona, "Humu ndani naitwa Maimuna, usisahau." Akaitikia kwa kichwa.

Daktari Candida alikuwa mama wa makamo, na hakupenda kuzungusha maneno.

"Mzee, kaa karibu na mkeo. Maimuna, kipimo cha askari wapya kimetutia wasiwasi, kimewaka lakini kidogo. Kwa hicho peke yake nisingekuambia kitu, ningekwambia urudi baadaye. Ila Ansbert ameitoa damu yako ya mwaka juzi. Ile haikuwa na kinga ya rubela hata chembe. Ya sasa inayo, tena nyingi. Maana yake umeambukizwa, na kwa vipele hivi ulivyokuja navyo, umeambukizwa ukiwa na mimba hii. Nasikitika sana."

"Kwa hiyo mtoto inakuwaje?" Sadalla aliuliza.

"Kwenye wiki hizi za mwanzo watoto wengi huguswa. Macho, yaani anazaliwa na ukungu ndani ya jicho. Masikio, asisikie. Moyo, uwe na tundu. Mmoja anapata kimoja, mwingine vyote. Mimi simwambii mtu afanye nini. Nakuandikieni rufaa muende hospitali kubwa mkaonane na mabingwa."

"Kule kadi hii wanapokea?"

"Wanapokea vizuri tu. Wanasoma kidole, dakika moja, unaingia."

Sadalla akaitazama sakafu. Moza alikuwa amesikia maneno mengi, lakini yaliyomchoma ni yale ya mwanzo, damu yako ya mwaka juzi. Si yangu, alitaka kusema. Mama, ile si yangu, ni ya dada. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Akamwona daktari ameshika kalamu, akaona ile kadi juu ya meza, uso wa Maimuna ukiangalia dari. Angesema kwa Kiswahili gani? Mimi si huyu, nimewadanganya, naombeni mnisaidie?

"Asante, daktari," alisema. Akaikunja ile rufaa mara nne, akaitia kwenye pochi, na hakuna mtu aliyeifungua tena.

Jumamosi alikwenda Magomeni. Maimuna alikuwa anasahihisha madaftari juu ya kitanda, Waridi amelala pembeni yake, miguu imefunikwa khanga ingawa kulikuwa na joto. Mtoto yule ana siko seli. Wiki ile mifupa ilikuwa imemshika vibaya, akaongezewa damu chupa moja.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hujambo miguu?"

"Leo haijambo."

Moza akakaa kwenye kigoda, akaeleza yote kwa sauti ya chini, tangu askari wapya mpaka friza. Maimuna hakuinua kichwa, ila kalamu nyekundu ilikuwa imesimama.

"Kwa hiyo ile damu waliyoilinganisha na yangu ni yako, dada. Labda mimi sikuambukizwa chochote. Labda hao askari ninao siku zote."

"Kapime kwingine, kwa jina lako."

"Nimekwenda jana, pale Msimbazi. Elfu arobaini na tano, Sadalla kaikopa kwa mwenye duka la vitambaa. Wameniambia wakongwe wapo, wapya wana utata, je una kipimo cha zamani tulinganishe? Nikasema sina. Wakaniambia basi subiri, au rudi kule wanakokufahamu."

"Basi subiri."

"Nisubiri mpaka lini, dada? Tumbo linakua hili." Moza akavuta pumzi. "Nataka nirudi kwa yule Ansbert nimwambie ukweli. Ni mtu mwema, anapenda kueleza. Ataelewa."

Maimuna akaweka kalamu chini. "Ataelewa, halafu ataandika. Hao kazi yao ni kuandika. Wakijua, kadi inafungwa, na Waridi yumo kwenye kadi hiyohiyo. Dawa zake za kila mwezi nitalipa na nini, na chaki? Hii damu aliyoongezwa juzi unajua bei yake? Na shuleni nitaitwa mwizi wa bima, nitasimamishwa. Moza, nilikupa kadi kwa huruma. Usinichimbie kaburi nayo."

"Lakini dada, huyu ni mtoto wangu."

"Moza." Maimuna akashusha sauti zaidi, maana Waridi alikuwa macho. "Wewe una mimba. Mimi nina mtoto."

Alijuta palepale, uso ulimwonyesha. Akamshika mdogo wake mikono yote miwili, akalia, akasema nisamehe, nisamehe, sijui nimesema nini. Lakini hakusema nenda kawaambie. Moza alingoja alisikie hilo, akangoja tena, halafu akajifunga khanga vizuri na kuaga.

"Mama mdogo, mbona unalia?" Waridi aliuliza.

"Kichwa kinaniuma, mwanangu. Pumzika."

Nyumbani kwao ni chumba na ukumbi katika nyumba ya Mtaa wa Narung'ombe, mwenye nyumba akiwa bibi mmoja aitwaye Zena. Kwa siku nne Sadalla hakupiga mluzi. Alishona kaptura na mikono ikamkataa, akarudishiwa tatu kwa kukosewa, na mzazi mmoja akamwambia mbele za watu kwamba kama amechoka kazi aseme. Siku ya tano alirudi mchana, jambo asilolifanya kamwe, akamkuta Moza anachambua mchele.

"Mimi siwezi, Moza," alisema akiwa bado amesimama.

"Huwezi nini?"

"Nimembeba Waridi mgongoni mimi, si mara moja. Nimemsikia akilia mifupa, ananiambia baba mdogo nikate miguu. Yule alikuja hatujui. Huyu wetu tumeshaambiwa. Nimlete duniani asione, asisikie, moyo una tundu, nikijua? Na kadi sina, na hospitali sina? Nitamwambia nini mtoto huyo?"

Moza akaacha mchele. "Sadalla, ile damu ya mwaka juzi si yangu. Unajua hilo."

"Najua. Nimelifikiria mpaka nimechanganyikiwa. Lakini hii ya leo ni yako au si yako?"

"Ni yangu."

"Na mashine imewaka au haikuwaka?"

"Imewaka. Kidogo."

"Imewaka," Sadalla akasema. "Na vipele ulikuwa navyo."

Elimu yao iliishia hapo. Kama kungekuwa na mtu wa kumuuliza, swali lenyewe lilikuwa dogo tu, la dakika tano: ukiiondoa ile damu ya mwaka juzi, hii ya leo inasema nini? Ansbert angelijibu akiwa anakunywa maji. Angesema haisemi kitu bado, mama, tulia, kuna kipimo kingine. Alikuwa kule Mchafukoge, mwendo wa robo saa kwa miguu. Lakini kumuuliza kulikuwa ni kumwambia, na kumwambia kulikuwa ni kumnyima Waridi dawa. Inauma jamani, watu kuwa karibu na jibu kiasi kile.

"Tukamuulize," Moza alisema.

"Kisha dada yako?"

Moza akalishika tumbo. Alilia muda mrefu, na Sadalla akakaa chini sakafuni kando yake, naye akalia. Mwisho Moza alisema, "Basi," neno moja, na mumewe hakumwuliza basi nini. Alimjua mtu fulani anayeuza dawa Kariakoo, asiye na duka wala leseni. Alikwenda kwake kesho yake akarudi na vidonge kwenye kipande cha gazeti.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wa nyumba wamekwenda msikitini, maji yanachotwa uani. Sitawaeleza yaliyotokea chumbani mle. Bi Zena alisikia kilio cha mtu aliyeuma kitambaa, akabisha hodi, akaingia, akaona, hakuuliza swali. Alichemsha maji, akafua shuka mwenyewe, na jioni akapika uji wa pilipili manga. "Imetoka yenyewe," aliwaambia wapangaji wengine kabla hawajauliza. Walikuja mmoja mmoja mlangoni kumwambia Moza Mungu atampa mwingine, na kila mmoja alipomwambia hivyo aliitikia amina.

Wiki tatu zikapita. Ansbert alipiga simu, na namba aliyokuwa nayo ilikuwa ya Maimuna. Maimuna akampigia Moza.

"Wanataka damu tena. Anasema wanakamilisha kumbukumbu. Nikaona nikienda mimi itatoka tofauti." Akakohoa. "Nenda tu mdogo wangu, la sivyo wataanza kuuliza. Ni mara ya mwisho, nakuapia."

Angeweza kukataa. Lakini Moza wa siku zile alikuwa akiambiwa simama anasimama, akiambiwa kaa anakaa. Alivaa baibui, akatembea hadi Mchafukoge, akapanda ghorofa tatu akipumzika kila ngazi. Safari hii jina la Maimuna lilipoitwa aliitika mara ya kwanza.

"Karibu, mama. Vipi hali? Vipi ujauzito?" Ansbert aliuliza.

"Umetoka."

Ansbert akaweka sindano chini. Akavua glovu, akampa mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Pole. Pole sana, Bi Maimuna. Sijui niseme nini." Kisha akasema, "Sitaki kukusumbua. Ila nataka ujue kwa nini nimekuita. Damu zako zile mbili ndiyo jozi safi kuliko zote nilizowahi kupata. Mwezi ujao nawafundisha wenzangu wa maabara nyingine hapa mjini, wengi bado wanategemea kile kipimo chenye kiherehere. Nikiwaonyesha tatu, kabla, wakati na baada, hawatabisha. Kwa hiyo hata hili lililokupata litamsaidia mwanamke mwingine. Kama utaniruhusu."

Moza akanyoosha mkono. Damu ikaingia kwenye kichupa. Alikuwa anaondoka Ansbert alipomwomba akae, kwani angependa kumpa majibu siku hiyohiyo, asimsumbue kupanda ngazi tena. Akakaa kwenye benchi. Saa moja ikapita, mbili, adhuhuri ikaadhiniwa. Jovitha akamnunulia soda kwa pesa yake mwenyewe, akamwambia kunywa, dada, umekuwa kama karatasi.

Mlango ulipofunguliwa, Ansbert hakuita jina. Alimfanyia ishara tu. Ndani, juu ya meza, kulikuwa na daftari lake limefunguliwa na vichupa vitatu vimepangwa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Bi Maimuna, damu yako imenishinda," alisema. "Kingekuwa kirusi kipya, askari wangepanda sana kufikia leo. Hawakupanda, wako palepale. Wale wapya wamezimika kabisa, kama vile ilikuwa homa nyingine tu. Nikasema ngoja, nifanye kipimo cha ukomavu, ambacho mara ya kwanza sikukifanya kwa kuwa jozi ilishasema kila kitu. Askari mpya anashika kwa ulegevu, ukimmwagia dawa anaachia. Hawa wako hawaachii. Hawa ni wa zamani, mama. Wa miaka na miaka. Uliwahi kuugua vipele utotoni?"

"Niliugua. Nilikuwa na miaka sita, kule Kilwa."

"Basi ndiyo hao. Lakini mwaka juzi hukuwa nao!" Alikipiga kidole kile kichupa cha kwanza. "Askari wa tangu utotoni hawezi kukosekana mwaka juzi. Kwa hiyo nimekosea mimi. Nimebandika jina lako kwenye damu ya mtu mwingine. Na kama nimekosea kwako, nimekosea kwa wangapi? Nina wanawake thelathini na wanane waliopokea majibu kwa njia hii." "Leo hii naandika barua ya kumwambia daktari aachane na friza. Turudi kwenye kipimo kile cha zamani peke yake. Na kazi nadhani nitaacha."

Moza akamtazama. Angeweza kunyamaza, na kadi ingepona. Yule mtu mwema angebeba kosa lisilo lake, na kipimo kizuri kingetupwa, na kinamama wangerudi kulia bure kwenye benchi lile. Hakuyapanga hivi kichwani kama ninavyowapangia mimi. Aliona tu mtu mzima anataka kulia kwa kosa ambalo yeye Moza alilifahamu mwenyewe, na akachoka kunyamaza.

"Hukukosea," alisema. "Mimi siyo Maimuna."

"Unasemaje?"

"Maimuna ni dada yangu. Kadi ni yake, na damu ya mwaka juzi ni yake. Yeye utotoni alikuwa Mtwara kwa shangazi, vipele vile havikumpata. Mimi naitwa Moza."

Ansbert alikaa. Alivitazama vichupa, akamtazama yeye, akavitazama tena. Alikuwa mwepesi wa akili, kwa hiyo haikumchukua muda kufika kule Moza alikokuwa amekaa tangu dakika ile aliposikia wa miaka na miaka.

"Mimba ile," akaanza, na hakuweza kumaliza.

"Haikuwa na kitu?"

"Moza..."

"Niambie tu, kaka. Tangu nimekuja huku hakuna aliyeniambia kitu kwa jina langu. Ilikuwa nzima?"

"Rubela haikuigusa," Ansbert alisema taratibu. "Mama mwenye askari hawa, mtoto wake analindwa. Ilikutoka, au mliitoa?"

Moza akainamisha kichwa. Ansbert akafunika uso kwa mikono, akakaa hivyo. Nje Jovitha alikuwa anabishana na mtu kuhusu foleni.

"Ungeniuliza," alisema mwishowe. "Ungeniuliza tu, mama yangu. Hata kwa simu. Hata ungedanganya, ungesema rafiki yangu."

Hilo halikuwa limewajia akilini, si yeye wala Sadalla wala Maimuna mwalimu. Moza akasema, "Dada ana mtoto mgonjwa kwenye kadi ile," na huo ndio ukawa utetezi wake wote.

Ansbert akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja kwenye daftari. Akamsomea: sampuli ya kwanza si ya mgonjwa huyu, jozi ifutwe. "Hili lazima niliandike, la sivyo kuna mwanamke mwingine atauliwa na takwimu zako. Habari ya kadi, watu wa bima wakija kuniuliza sitawadanganya. Wasiponiuliza, siwaiti. Zaidi ya hapo sina uwezo." Akasimama kumfungulia mlango, halafu akaufunga tena. "Na kuanzia leo nitamwuliza kila mmoja, kabla ya sindano, hii damu ya zamani ni yako kweli? Nilitakiwa nikuulize. Sikuwahi kuwaza."

"Asante," Moza alisema, kwa mazoea.

Alitembea mpaka Mtaa wa Sikukuu bila kujua amepitia wapi. Sadalla alikuwa barazani, cherehani inakwenda, wateja watatu wanangoja sare kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu. Alimwona mkewe, akapunguza mwendo wa mguu.

"Umetoka kule? Wamesemaje?"

Njia nzima Moza alikuwa amejiapiza kwamba hatamwambia. Angesema wamechukua damu tu, basi. Mtu mmoja kulijua jambo hili kunatosha. Lakini alipomwona anamtazama vile, macho yamemwingia ndani kwa wiki tatu za kutolala, uongo ukamwisha. Alikuwa amedanganya mno mwaka ule.

"Wamesema damu yangu ni safi. Sikuwa na ugonjwa."

"Alhamdulillahi!" Sadalla alisema, na uso wake ukafunguka. Alitabasamu kabisa, mbele ya wateja, akamshukuru Mungu mara ya pili kwamba mkewe ni mzima. Kisha tabasamu likabaki pale mdomoni peke yake, kwa sababu akili ilikuwa imeshaondoka. Mguu ukasimama kwenye pedeli.

"Safi tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nikiwa mtoto."

"Kwa hiyo hata siku ile..."

"Ndiyo, Sadalla. Hata siku ile."

Alilaza kichwa juu ya cherehani, juu ya kaptura ya buluu ya mtoto wa mtu, akalia kwa sauti kama hakuna anayemwona. "Fundi, vipi tena? Fundi!" mmoja wa wateja aliita, kisha akaelewa kwamba si la kuuliza, akarudi nyuma. Moza alisimama nyuma ya mumewe, akamwekea mkono begani, naye hakulia, machozi yake yalikuwa yamekwisha kule ghorofani. Watu wa Sikukuu waliendelea kupita na mizigo yao, wakisema samahani, samahani, wapishwe njia.